Mchora Kanga na Mashine Mbili

Asubuhi za Tangini, mtaani kwetu Kibaha, nilikuwa naamshwa na meza. Jirani yangu, mchora kanga, alikuwa akiiburuta juu ya sakafu ya saruji kutoka dirisha la mashariki kwenda la kusini, mchana akaiburuta tena, na alasiri tena, kwa sababu aliufuata mwanga kama kuku anavyofuata mchele. Jua likizama aliirudisha ilikotoka ili kesho aanze upya. Wapangaji wake wawili walihama kwa sababu ya ile meza. Mimi nilikuwa kwenye nyumba yangu mwenyewe, sikuwa na pa kuhamia.

Mama huyu hakuwa mtu wa kutulia. Chai aliinywa akitembea, akakiacha kikombe juu ya ukuta, juu ya tangi la maji, mara moja juu ya boneti ya gari la mgeni wangu. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake ilikufikia akiwa ameshakupita. Alianza kusimulia jambo akiwa kwake na kulimalizia akiwa kwangu, na kama hukumfuata nyuma, basi katikati ya hadithi ulipitwa.

Kazi yake hakupenda iitwe sanaa. "Sanaa ni ya watu wenye muda," alisema. Aliichora kanga pindo kwanza, kisha mji wake wa katikati, na jina, yale maneno ya chini, aliwaachia wateja walete wenyewe, maana hakutaka kuingizwa kwenye ugomvi wa watu. Zamani alitumia karatasi na rangi za maji. Viwanda vilipoacha kupokea karatasi alinunua laptop, akajifunza kwa hasira, na hasira hiyo haikuwahi kwisha. Na mtu huyu, aliyevisha nusu ya wanawake wa Kibaha, mwenyewe hakuvaa kanga. Alivaa madera yaliyopauka. Kanga alizochora kwa mkono wake alifutia meza na kushikia sufuria ya moto.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mpika maandazi anakula maandazi yake?"

"Wengi wanakula, mama."

"Hao hawajui kilichomo."

Mimi ni afisa TEHAMA katika ofisi moja ya serikali kule Kisarawe, na mtaani kwetu maana ya cheo hicho ni mtu wa kuulizwa kwa nini simu inapata moto. Kwa hiyo nilijua siku nyingi kwamba ataniuliza kuhusu kompyuta. Nisichokijua ni kwamba ataniuliza swali lilelile kwa miaka, asubuhi na jioni, msibani na arusini, na kwamba kila nikimjibu atakasirika.

"Jirani, ninunue ipi? Mac au Windows?"

Mara ya kwanza nilimjibu kitaalamu, nikiwa nimekunja nne. Nikamwambia Mac ina kioo kizuri, rangi zake unaweza kuziamini, haichoki haraka na haishikwi na virusi ovyo. Akaniuliza, mbona basi kiwandani wote wanatumia Windows? Nikamwambia kweli, ile programu ya kuchorea wanayoitumia mafundi wa kuchapa huku kwetu imezoeleka kwenye Windows, na ukichora kwenye programu nyingine, faili likifika kwao mistari inahama. Akasema basi atanunua Windows. Nikasema sawa. Akasema, "Lakini umesema kioo cha Mac ndicho unaweza kukiamini. Kwa hiyo unataka nichore kwenye kioo cha uongo?" Akaondoka.

Tulizunguka hapo miaka. Akiniudhi sana nilimwambia mchagua jembe si mkulima, naye akanijibu kwamba asiyechagua jembe analimia kucha. Siku moja kwa kuchoka nilimwekea Linux, ile ya bure, kwenye mashine yake kuukuu. Aliitumia kidogo, akanirudishia akiwa ameishika kwa vidole viwili. "Kitu cha bure kina mwenyewe," akasema, akimnyooshea kidole pengwini wa nembo yake. "Hata huyu ndege wao hajui kuruka."

Ajabu ni kwamba mambo mengine yote aliyaamua upesi mno. Nyanya sokoni alichota zilizo juu bila kuzitazama. Kiwanja chake cha Pangani, hukuhuku Kibaha, alikikubali akiwa bado juu ya bodaboda, injini ikinguruma. Mume wa pili, kwa maneno yake mwenyewe, alimkataa kabla hajamaliza salamu. Kwenye laptop tu ndipo alipopata uvumilivu, na uvumilivu wenyewe ulikuwa wa kuchosha watu. Vijana wa maduka ya kompyuta pale Maili Moja walimfahamu wote. Wakimwona anakuja walianza kubishana kabla hajafika, hawa upande wa Mac, hawa wa Windows, kama mashabiki siku ya mechi ya watani. Yeye aliwasikiliza wote, akawaunga mkono wote, kisha akafungua mkoba na kutoa kitambaa.

Kitambaa hicho lazima nikieleze. Kilikuwa kipande cha bafta nyeupe, ukubwa wa leso, na hakutoka nyumbani bila hicho. Kwenye kanga, nyeupe haichapwi. Ni kitambaa chenyewe kinaachwa wazi, na rangi nyingine zote zinapangwa kukizunguka. Kwa hiyo mchora kanga aliipima kila kompyuta kwa bafta. Alifungua ukurasa mtupu, akakisimamisha kitambaa kando ya kioo, akapeleka kichwa mbele na nyuma. Alitafuta kioo ambacho nyeupe yake ni sawa na nyeupe ya bafta. Hakukipata. "Cha njano," alisema. Kilichofuata: "Njano." Vijana wakampandishia mwanga, wakamshushia, wakamgeuzia meza. "Njano vilevile, wanangu. Mnauza binzari."

Nilimwona mara nyingi akikifua kitambaa kile. Alikifua peke yake, ndani ya kibakuli, na maji ya mwisho alitia bluu, ile bluu ya kufulia tunayotia kwenye kanzu na shuka zing'ae. Alisema bafta siku hizi inawahi kuwa njano, viwanda vinaiba. Akaongeza bluu kidogo. Wiki nyingine akaongeza tena.

Na kanga zake zikawa zinauzwa. Wanawake wa kijiji cha Janga walikuja na vikundi vyao wakitaka sare "yenye ile bluu ya kwako, mama, ile ya kama moshi." Alidhani wanamkejeli. Aliwauliza bluu ipi, na wao wakacheka wakidhani ni madaha ya fundi. Kuna kikundi alikifukuza kabisa kwa neno hilo, akanijia akifoka. "Nimewachorea nyeupe na machungwa, wananiambia habari ya moshi. Ni kompyuta hii inaharibu. Lazima nipate nyingine." Nilimhurumia siku hiyo, na nikaichukia ile laptop yake kwa niaba yake.

Ndipo likaja la kisutu.

Mdogo wake wa Kisarawe ana binti ambaye mchora kanga alimlea tangu mdogo mpaka alipomaliza shule. Yeye mwenyewe hakuwa na mtoto mwingine. Binti huyo alimwita mama mkubwa, akamjibu ukali kwa ukali, na ndiye mtu pekee niliyemwona akimketisha yule mama kitini kwa kumshika mabega. Alipochumbiwa, mchora kanga aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba bibi harusi hatavaa kisutu cha dukani. Atachora mwenyewe, na wanawake wote wa ukoo watavaa hicho.

Msomaji asiye wa pwani huenda akajiuliza kuna ugumu gani. Kisutu kina rangi tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hakina maua ya kufichia kosa. Lakini ndiyo kanga ya bibi harusi, na mashangazi wanaokipokea wana macho ya mwewe. Kipande cha majaribio kilipotoka kiwandani tulikwenda nacho Kisarawe pamoja, mimi nikiwa naelekea kazini. Mashangazi walikitandaza mkekani. Mmoja akakigeuza upande wa pili, kana kwamba ndiko kulikokuwa na kisutu chenyewe.

"Dada," akasema, "hiki cha nani?"

"Cha binti yenu."

"Hiki kimetiwa bluu. Na nyekundu yake inakwenda zambarau. Mwali hafungwi zambarau."

Mchora kanga alikikusanya kile kipande. Mafundi wa kiwandani, alikuja kuniambia njiani tukirudi, walikuwa wamempigia simu kuuliza kwa nini ametia rangi mahali pa nyeupe. Aliwajibu kwamba kitambaa chao ni cha njano, amekipaka bluu kidogo tu kuiua njano. Na nyekundu ameirekebisha hivyohivyo. "Nimefanya kama kioo kilivyonionyesha," alisema. "Jirani, kesho tunakwenda kununua. Mac, Windows, hata kama ni ya mkaa. Harusi haingoji."

Kesho yake tulikuwa Maili Moja kabla duka halijafagiliwa. Muuzaji alituwekea mashine mbili kwenye kaunta, bega kwa bega. "Mama, hii Mac ni chuma. Na hii Windows ina kadi ya picha kubwa, unachora mpaka unasahau kula. Leo hutoki bure, nakuapia." Alizifungulia zote mbili ukurasa mtupu. Mchora kanga akatoa bafta.

"Njano," akasema kwa hii. Akahamia nyingine. "Njano."

Muuzaji aliinama, akatazama kwa karibu. Alikuwa mgeni pale dukani, hakuwa na habari ya historia yetu. "Samahani mama yangu," akasema, "mbona hicho kitambaa chako ni cha bluu?"

"Wewe una matatizo ya macho."

"Wallahi, mama. Ngoja." Akachomoa karatasi mpya kwenye printa, akailaza kaunta, akamwomba aweke bafta juu yake. Akaweka. Mimi nilikuwa nimekiona kitambaa kile miaka yote, mkononi mwake, kwenye kamba, ndani ya kibakuli, na sijawahi kukiona juu ya kitu cheupe. Kilikuwa bluu. Si bluu ya kubahatisha. Ilikuwa bluu ya sare ya shule iliyofuliwa sana.

"Hata karatasi yenu ya njano," akasema mchora kanga. Lakini aliisema polepole, na hiyo haikuwa desturi yake. Aliinua upindo wa dera akajifuta jicho la kushoto, na mkono wake ukabaki palepale, umelifunika. Akatazama kaunta kwa jicho la kulia. Akahamisha mkono, akalifunika la kulia. Akarudi la kushoto. Muuzaji akaanza kumwambia kitu, nikamkanyaga mguu.

"Jirani," akasema, "hii karatasi inabadilika."

"Haibadiliki, mama."

"Najua haibadiliki."

Alikikunja kile kitambaa kidogo kabisa, akakitia mkobani, akamshukuru muuzaji kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake. Barabarani nilitembea nyuma yake nikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu alikuwa anatembea mwendo wa watu wengine. Getini kwake alisimama.

"Nimewavisha watu bluu miaka mingapi?"

"Sijui."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Walikuambia, mama. Walidhani ndiyo mtindo wako. Waliipenda."

Akacheka, kicheko kibaya. "Wamependa ugonjwa wangu," akasema, akaingia ndani, na siku ile meza haikuburutwa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto likiwa limezidi. Alimweleza kwamba lenzi ya jicho ikizeeka inaingia umanjano kidogokidogo, na mwenyewe hajui, maana kila siku anazoea. Mchora kanga alimuuliza kama anayo mashine ya kuthibitisha maneno hayo, na kama mashine yenyewe ni Windows. Akiba ya laptop ikaingia kwenye jicho. Mac hakununua, Windows mpya hakununua, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu hakuniuliza tena swali lile. Nilikuwa nimelichukia miaka yote, na sasa nililitamani. Ukuta ulikuwa kimya, na mimi sikupata usingizi mzuri ndani ya kimya kile.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kabla ya harusi, ambayo ndiyo ninayotaka kuieleza, ilikuwa Kisarawe kwa mdogo wake, alikokwenda kuuguza jicho. Nilipitia jioni nikitoka ofisini. Nilimkuta barazani, amesimama mbele ya laptop yake ileile ya zamani iliyotiwa gundi kwenye bawaba, waya wake umepita dirishani. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, limefunguka, lina maji kidogo. La kulia bado. Daktari alitaka lipone hili kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo hapa. Usikae."

Kwenye kioo kulikuwa na kisutu. Alikuwa amekichora upya chote, pindo na mji, na nyeupe ameiacha wazi kama mafundi walivyotaka. Nyeusi haikuwa na shida. Ilibaki nyekundu. Kiwanda kilikuwa kinangoja faili kabla hakijafunga siku ile, vinginevyo kazi hiyo ingepitwa na harusi. Yeye alikuwa akilifunika jicho hili, akilifunika lile, na nyekundu akaisogeza, akairudisha, akaisogeza.

Binti alitoka ndani akiwa na hina mikononi, vidole amevitanua. "Shikamoo mjomba," akaniambia, kisha akamgeukia. "Mama mkubwa, tukanunue cha dukani. Mimi sitajali. Wallahi sitajali."

"Cha dukani anavaa kila mtu."

"Na mimi si mtu?"

"Wewe utavaa changu. Nenda, hina itaharibika."

Binti akanitazama kwa macho ya kuomba msaada, akarudi ndani. Nikajaribu njia yangu. Nikasema rangi kwenye kompyuta ina namba zake, tuweke namba za nyekundu kamili, tumalize. Akaniambia namba haivaliwi. Kuna nyekundu za namba zinazofanana na pilipili ya plastiki, akasema, na mashangazi wale hawajui namba.

"Sikiliza," akasema. Akaligusa shavu la kushoto. "Hili jipya linaniambia bado kuna zambarau ndani. Hili la zamani linaniambia nyekundu imepita, imeanza kuwa chungwa. Nikifungua yote mawili yanagombana. Si nilikuwa nakuuliza Mac au Windows? Haya, Mungu kanipa zote mbili usoni, na sijui kuchagua."

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha akarudi kulifunika jicho. Nilitaka kumwambia kwamba jicho jipya ndilo la kuaminiwa, kwa sababu hivyo ndivyo daktari angesema. Nikakumbuka kwamba ameliamini lile la zamani maisha yake yote.

Simu ikaita. Fundi wa kiwandani. Alisikiliza, akasema, "Dakika moja, mwanangu," akaikata. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu. Alisogea pembeni, akaniachia nafasi mbele ya kioo.

"Wewe tazama. Hii ni nyekundu?"

Nilijisikia mdogo. Nimetengeneza mitandao ya ofisi nzima, nimefufua mashine zilizokufa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nyekundu ni nyekundu. Nikatazama. Kulikuwa na nyekundu pana, nzito, imekaa vizuri kando ya nyeusi.

"Ni nyekundu, mama."

"Usinionee huruma. Nakuuliza kweli. Yule mtoto anasimama mbele ya watu na hiki mwilini."

"Kweli. Ni nyekundu."

Akanitazama kwa jicho jipya, kwa jicho la zamani, sijui lipi liliniamini. Akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, akabonyeza, faili likaondoka. Kisha akageuka akaingia ndani akimwita binti yake kwa sauti, akimwambia kisutu kimekwenda, kimekwenda, mjomba ndiye shahidi.

Nilibaki peke yangu barazani na ile laptop. Sikutaka kuitazama tena, nikaitazama. Nyekundu ilikuwa palepale, nyekundu kabisa. Nikainamisha kichwa upande mmoja, nikafunika jicho moja, nikafunika la pili, na kadiri nilivyoendelea kuikazia macho ndivyo nilivyoanza kuiona zambarau ndani yake.